Skrubu ya Nyuma ya Ameta

Kwa miaka ishirini na tisa, mtu wa kijiji cha Kizil-Dobo akisema "mwalimu wa fizikia" hakuwa na haja ya kuongeza jina. Alikuwa Burulkan, basi. Alifundisha wazazi, akafundisha na watoto wao, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kumlinganisha na mtu mwingine, kwa kuwa mtu mwingine hakuwepo.

Aliletwa pale akiwa bibi harusi, mwaka mmoja kabla ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika. Chumba cha fizikia alikikuta na makabati mawili ya vioo yaliyojaa vifaa: ameta za kupima mkondo na voltimeta za kupima msukumo wa umeme, kubwa za kuonyeshea darasa zima, betri, swichi za shaba, balbu ndogo zilizopangwa kwenye pamba. Miaka michache baadaye mishahara ikakatika. Walimu wenzake waliacha chaki wakaenda mjini Naryn kuuza soksi na majani ya chai sokoni. Kisha wakaja wanunuzi wa shaba na malori yao, na watu wakaanza kukata hata nyaya za simu kwenye nguzo. Burulkan alipoona hivyo, yeye na mumewe Tashtanbek walivipakia vifaa vyote kwenye sleji ya kuvutwa na farasi juu ya theluji, wakavificha katika zizi la kondoo chini ya majani makavu. Vilikaa humo majira mawili ya baridi. Kila Jumapili aliingia zizini na kitambaa, akafukua, akafuta unyevu kimoja kimoja, akafukia tena.

Mambo yalipotengemaa alivirudisha shuleni, lakini hakuvirudisha kwa watoto. Alitia kufuli kwenye makabati, ufunguo akauvaa shingoni ndani ya blauzi. Mbele ya meza yake alichora mstari wa chaki sakafuni, na wanafunzi walisimama nyuma ya mstari wakimwangalia anavyounga saketi. Wakitoka hapo walichora mchoro wake kwa rula daftarini. Aliyenyoosha mistari alipata tano, alama ya juu kabisa. Mitihani walifaulu, na wazazi walimshukuru, na yeye hakuona kasoro yoyote.

Ndipo Septemba moja akaja Aizirek.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, ametoka chuoni Bishkek, mji mkuu, amevaa viatu vya mazoezi na mkoba mgongoni kama mwanafunzi. Aliingia chumba cha Burulkan na mkate wa tanuri na kopo la jemu, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mwalimu, shikamoo. Umenisahau? Mimi wa Sadir, mchunga farasi."

Burulkan hakuwa amemsahau. Huyu ndiye mtoto aliyeuvuka mstari wa chaki siku moja akaishika ameta kwa mikono miwili, akatolewa darasani akilia, na mwisho wa mwaka akapewa tatu. Burulkan alimkaribisha, akamimina chai katika bakuli, akamuuliza habari za baba yake. Rohoni alikuwa akijiuliza mtoto aliyepata tatu amefikaje kuwa mwalimu.

Mkuu wa shule, Kubanich, aliwagawia madarasa siku hiyohiyo. Aizirek alipewa la saba hadi la tisa, Burulkan akabaki na la kumi na la kumi na moja, ambayo kwa pamoja yalikuwa na wanafunzi kumi na tisa.

"Upumzike kidogo, dada," Kubanich akamwambia. "Umebeba mzigo peke yako muda mrefu."

Burulkan alisema asante. Alipotoka ofisini alisimama kwenye korido akijifanya anasoma ratiba ukutani. Darasa la nane ndilo darasa la umeme. Mwaka mzima alikuwa akilingojea darasa la nane.

Wiki mbili tu zilitosha. Aizirek hakuomba vifaa vya kabatini. Alitangaza watoto walete kutoka nyumbani chochote kibovu chenye waya: tochi zilizokufa, simu, redio, vinyago vya kuchezea. Wakafumua. Mchana, mtu akipita mlangoni aliwakuta wamepiga magoti sakafuni, kila mmoja na betri yake na balbu yake, wanabishana. Jioni walirudi nyumbani na vitaa vinavyowaka kwenye maboksi ya kiberiti. Mama mmoja alipita shuleni kusema mwanawe hataki tena kuangalia televisheni. Alikuja kushukuru, si kulalamika.

Katika chumba cha walimu, Sairagul wa historia, ambaye hakuwa na ubaya ila hakuweza kukaa na neno mdomoni, alikuwa akileta habari kila mapumziko.

"Dada Burulkan, umesikia? Leo jirani yako Aizirek kawasha kitaa kwa viazi. Viazi vinane na misumari. Sisi miaka yote tunavitia kwenye supu bure."

Walimu walicheka. Burulkan naye akacheka, akaendelea kusahihisha daftari, na alipofika nyumbani akagundua amemsahihishia mtoto mmoja kurasa mbili kwa makosa yasiyokuwepo.

Siku moja alipita karibu na darasa la Aizirek, akasimama pembeni ya kioo cha mlango. Hakukusudia kukaa. Kulikuwa na msichana mdogo, Perizat, ameunga balbu tatu katika mstari mmoja, moja ikifuata nyingine. Zote tatu ziliwaka kwa unyonge, nyekundu kama kaa linalozimika. Msichana alikuwa karibu kulia. Burulkan alingoja mwalimu amwambie kosa lake. Aizirek hakumwambia. Alichuchumaa kando yake.

"Mkondo una njia ngapi hapo?"

"Moja."

"Na ukizipa kila moja njia yake?"

Msichana akafungua nyaya. Akaunga vibaya, balbu zikazima kabisa. Akafungua tena. Aizirek amekaa kimya, amekumbatia magoti. Mara ya nne msichana aliziunga sambamba, kila balbu imeshika ncha zote mbili za betri kivyake, na zote tatu zikawaka kwa mwanga mkali mara moja. Uso wa yule mtoto ulifunguka kwa namna iliyomfanya Burulkan ageuke aondoke haraka.

Jibu lile alilijua kabla ya Aizirek kuzaliwa. Alikuwa amelisema darasani labda mara mia. Lakini uso ule hakuwahi kuuona, kwa sababu watoto wake wakati wote walikuwa wameinamia rula. Alitembea hadi nyumbani, na alipomtazama mwanamke aliyekuwa akipita barabarani na ndoo akamchukia bila sababu.

Wivu una macho, na tangu siku hiyo macho ya Burulkan hayakulala. Alijua Aizirek kaingia saa ngapi na katoka saa ngapi. Alihesabu watoto waliomsindikiza hadi lango. Watoto wake wa darasa la kumi walipochelewa, alijua wamepita kule kwanza. Aizirek alipomsalimia alitafuta dharau katika salamu ile, akaikosa, na kuikosa kukamuudhi zaidi. Angekuwa na kiburi yule binti, ingekuwa nafuu.

Lakini lililomuuma kuliko yote lilitoka nyumbani kwake.

Tashtanbek alikuwa dereva mstaafu wa trekta, mtu wa maneno machache na utani mwingi, ambaye tangu siku za uchumba alimwita mkewe Mwalimu. Mwezi wa kumi na moja, theluji ilipokwisha kukaa, aliingia ndani anajipangusa mikono, anatabasamu.

"Mwalimu, njoo uone zizi langu. Limekuwa ukumbi wa harusi."

Burulkan alivaa koti akamfuata. Zizi, ambalo miaka yote lilikuwa na kiza cha kupapasa, liling'aa. Kondoo wenyewe walikuwa wamekodoa macho.

"Umenunua balbu mpya?"

"Zilezile mbili. Yule binti wa Sadir alipita kuuliza kama nina waya chakavu. Nikamwambia balbu za zizini kwangu ni vipofu tangu nizifunge. Akainua kichwa akatazama kidogo tu. Akaniambia, mzee, umezifunga kwa mfuatano, zinagawana nguvu ya laini moja. Zifunge sambamba. Nusu saa, kazi imekwisha."

Burulkan alisimama mlangoni. Aliona nyaya mpya zilivyopita juu, kila balbu na njia yake. Lilikuwa somo la wiki ya tatu ya darasa la nane.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

Tashtanbek alishangaa kwa dhati. "Wewe? Wewe wa vitabuni. Sikujua haya ya zizini nayo ni mambo yako."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana lilipenya. Ilikuwa miaka kumi na minane tangu zizi livutiwe umeme. Miaka kumi na minane mumewe alikuwa akizalisha kondoo gizani huku mwalimu wa fizikia amelala hatua thelathini kutoka hapo, na kila alipoingia kuchota samadi kavu ya kuwashia moto hakuwahi kuinua kichwa. Alimwambia Tashtanbek kazi ni nzuri. Akarudi ndani, akakata nyama ya chakula cha jioni vipande vidogo mno.

Mwezi wa pili ilikuja habari kwamba tume ya wilaya itapita shuleni kuchagua Mwalimu Bora. Katika miaka yote Burulkan hakuwahi kupendekezwa, na kwa kuwa hakuna wa fizikia aliyependekezwa, hakuwahi kuumia. Safari hii Kubanich alimpendekeza Aizirek. Somo la wazi lingekuwa la sheria ya Ohm kuhusu mkondo wa umeme, mbele ya wageni watatu na walimu wote.

Siku mbili kabla ya somo, Aizirek aligonga mlango wa Burulkan.

"Mwalimu, nina ombi. Vifaa vyangu ni vidogo, wageni wakikaa nyuma hawataona kitu. Naomba ile ameta kubwa. Nitaitunza."

Burulkan alivuta ufunguo kutoka shingoni. Alifungua kabati, akaitoa ameta ile kwa mikono miwili, akaiweka mezani.

Ameta hiyo ilikuwa na ugonjwa wake. Sindano yake ni dhaifu, haiwezi kustahimili mkondo wote wa saketi. Kwa hiyo nyuma yake kulifungwa kipande kinene cha shaba ambacho hupitisha sehemu kubwa ya mkondo, sindano ikapata kidogo tu cha kuisukuma. Kipande hicho kilishikwa na skrubu mbili. Moja ilikuwa imelika nyuzi zake tangu siku za zizini, ikawa inalegea yenyewe kila baada ya siku chache. Burulkan aliweka bisibisi ndogo kwenye droo kwa kazi hiyo moja. Kabla ya kila somo aliikaza skrubu hiyo. Ilikuwa mazoea, hakumwambia mtu, maana hakuna mwingine aliyeigusa.

Aliitazama ile skrubu. Alitazama droo. Aizirek alikuwa akisema kitu kuhusu baba yake na farasi aliyezaa mapema.

"Ichukue," Burulkan akasema. "Uwe mwangalifu nayo."

Alipobaki peke yake alijiambia kwamba binti amesoma Bishkek, mtu aliyesoma hukagua kifaa kabla ya kukitumia. Alijiambia huenda skrubu itashika. Siku mbili nzima alijiambia hayo. Angeweza kutembea hatua ishirini kwenye korido na kusema neno moja. Mara mbili alitoka hadi mlangoni, na mara ya pili alimwona Aizirek amezungukwa na watoto wanampambia ubao kwa karatasi za rangi, akarudi.

Siku ya somo darasa lilijaa. Wageni walikaa nyuma, wanawake wawili na mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya ambayo hakuivua. Aizirek alianza vizuri. Aliwauliza watoto kwa nini balbu moja huwaka zaidi kuliko nyingine, wakajibu wakikatizana, mzee akatabasamu. Kisha akaunga ameta kubwa kwenye saketi kwa mfuatano, sawasawa kabisa, betri, swichi, waya wa kukinza mkondo, akamwita Perizat abonyeze swichi.

Sindano iliruka hadi mwisho wa kipimo ikagonga kwa sauti. Uzi mwembamba wa moshi ukatoka juu ya sanduku, harufu ya rangi iliyoungua ikaenea. Aizirek alikata swichi kwa haraka. Perizat alikuwa amepauka, akitazama kidole chake.

"Si wewe," Aizirek akamwambia. "Wewe umebonyeza tu."

Mmoja wa wageni akauliza kifaa kile ni cha nani. Kubanich akamtazama Burulkan.

"Ni cha shule," Burulkan akasema. "Ninakitunza mimi."

"Na ulimpa kikiwa kizima?"

Walimu wote walikuwa wamegeuka. Aizirek pia. Burulkan alisikia sauti yake ikitoka bila kutetemeka.

"Kilikuwa kizima."

Aizirek akaisogeza ameta pembeni. Aliwaomba wageni radhi, akasema anayeazima chombo ndiye wa kukikagua na yeye hakukagua. Akaendeleza somo kwa betri za tochi na balbu za watoto, wakipima mkondo kwa kutazama mwanga wa balbu tu. Watoto walijitahidi, lakini somo lilikuwa limevunjika mgongo. Wageni waliandika. Wakati wa chai mgeni mmoja alisema binti ana moyo ila bado hajakomaa.

Jioni ile Burulkan alikula vizuri. Alirudia supu. Tashtanbek alimuuliza ameokota nini, akasema hajaokota kitu. Alipolala alijisikia mwepesi, na wepesi ule ulimtisha, kwa sababu alijua umetoka wapi.

Asubuhi Aizirek alikuja kabla ya kengele, ameta chini ya kwapa, macho yamevimba. Aliiweka mezani. Alikuwa ameifungua.

"Nilikuja kukuomba msamaha," akasema. "Sikulala. Nikasema nitaitengeneza kabla sijakuletea. Nikafungua nione imeunguaje." Aligeuza sanduku. Kipande cha shaba kilining'inia kwenye skrubu moja. "Hii ilikuwa imelegea. Mkondo wote ulipita kwenye sindano."

Burulkan alitazama droo.

"Halafu nikatazama kichwa cha skrubu. Kimechakaa kwa bisibisi, mwalimu. Mikwaruzo ya juu inang'aa, ya chini ni ya zamani. Kuna mtu amekuwa akiikaza, miaka na miaka." Akainua macho. "Ulijua."

"Nilijua."

Aizirek alikaa kwenye dawati la mbele, pale wanafunzi walipokaa. Kwa muda ilionekana kama atalia, lakini hakulia.

"Nilipomaliza chuo nilipewa kuchagua," akasema. "Shule ya mjini au hapa. Wenzangu walinicheka. Unajua kwa nini nilichagua hapa? Kwa ajili ya makabati yako. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa darasani natazama vile vioo, nasema siku moja nitavigusa bila kufukuzwa. Nilikuonea wivu, mwalimu. Nilikuonea wivu hadi nikaenda kusoma."

Akainuka, akaichukua ile ameta iliyoungua, akatoka.

Burulkan alifundisha vipindi vyake vya siku hiyo na hakukumbuka hata kimoja. Neno lile la wivu lilimkaa akilini. Yeye alidhani wivu ni kitu kinachokufanya ufunge mlango. Huyu mtoto aliuchukua uleule akaenda nao Bishkek akarudi na cheti.

Siku ya tatu, wakati wa mapumziko, Sairagul alikuwa akisimulia tena, akiiga sindano ilivyoruka. Akamalizia kwamba binti wa chuo cha mjini kaunguza chombo kilichovuka njaa na malori ya wezi wa shaba, na dada Burulkan masikini kanyamaza tu kwa ustaarabu wake. Wengine walikuwa wakitikisa kichwa kumsikitikia. Aizirek alikuwa dirishani, amewapa mgongo.

"Skrubu ilikuwa imelegea," Burulkan akasema. "Nilijua imelegea. Nilimpa hivyohivyo, nikanyamaza, na tume ilipouliza nikadanganya."

Hakuna aliyecheka. Sairagul aliweka bakuli lake la chai chini polepole. Mtu mmoja akauliza kwa nini, kwa sauti ya chini, kana kwamba hakutaka ajibiwe.

"Kwa sababu wanampenda," Burulkan akasema.

Kubanich alimwita ofisini akafunga mlango. Alikuwa mtu mpole, hasira yake haikujua pa kukaa, ikawa inaangukia karatasi za mezani. Aliandika barua wilayani siku hiyohiyo kueleza ukweli, na Burulkan akaitia sahihi chini ya jina lake mwenyewe. Jibu lilikuja baada ya mwezi: cheo kimekwisha tolewa kwa mwalimu wa kijiji kingine, mwalimu Aizirek atafikiriwa wakati ujao. Ufunguo Kubanich hakuuomba. Burulkan aliuvua mwenyewe, akauweka mezani pake, akatoka akiwa na alama nyekundu ya kamba shingoni.

Aizirek alimwambia asante kwa kusema, katika korido, amesimama wima. Hakuongeza neno. Mikate na jemu havikuja tena. Salamu zilikuja, za heshima, kila asubuhi, na zikaishia hapo. Burulkan alielewa kwamba hicho ndicho kipimo chake, na hakuomba zaidi.

Makabati yalifunguliwa. Wiki ya kwanza watoto walivunja voltimeta moja na balbu nne. Burulkan aliokota mwenyewe vipande vya vioo kwenye korido akavitia mfukoni, akaenda navyo nyumbani, akavitazama. Aizirek aliitengeneza ameta kubwa kwa waya mwembamba aliofumua kutoka spika ya redio, akauviringisha jioni tisa mfululizo kwa kibano cha nyusi, na ilipokamilika ilipima sawasawa. Hata hilo Burulkan alilionea wivu. Mikono yake isingeweza.

Maana wivu huo haukumtoka. Watu walidhani ukikiri umepona. Yeye aliamka nao, akavaa nao buti, akaenda nao kazini. Tofauti ni kwamba sasa aliufahamu kwa jina, na ulipoanza kumvuta kwenye mlango wa jirani aliweza kuuambia ukae. Siku nyingine ulikaa. Siku nyingine alijikuta tena ameshikilia fremu ya mlango, anahesabu vichwa. Tashtanbek, aliyesikia habari yote sokoni kabla ya kuisikia kwake, hakumlaumu wala hakumtania kwa wiki nzima, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Mwishoni alimwambia tu, wakikama ng'ombe, kwamba angependa siku moja amweleze ule umeme wa zizini, maana alifunga nyaya kama alivyoambiwa bila kuelewa. Burulkan alimweleza. Ilichukua jioni mbili, kwa sababu alikuwa na maswali.

Miaka miwili baadaye tume ilirudi na Aizirek akapata cheo. Septemba iliyofuata aliitwa Naryn kufundisha walimu wa wilaya zote. Siku ya kumuaga watoto walilia waziwazi, na wazazi walileta zulia la manyoya na kichwa cha kondoo cha heshima. Burulkan alisimama nyuma. Aizirek alipopita kuaga mmoja mmoja alifika kwake, wakashikana mikono.

"La nane linarudi kwako," Aizirek akasema. "Usiwafungie."

"Nitajaribu. Nina miaka hamsini na nne, sijui kama naweza."

Aizirek alimtazama, akafikiri, akasema, "Perizat atakuja kukusaidia. Yuko la kumi na moja, ana vipindi viwili vitupu Jumanne."

Jumanne ya kwanza Burulkan aliingia darasa la nane. Watoto walikuwa wamenuna kama waliofiwa. Aliweka betri na balbu mbili mezani, akaziunga kwa mfuatano, zikawaka. Mvulana wa mbele, ambaye kaka yake alimfundisha mambo ya Mwalimu Aizirek, aliinua mkono.

"Mwalimu, balbu ya kwanza inakula mkondo, ya pili inapata makombo. Si ndivyo?"

Burulkan alikuwa ameshageukia ubao. Kanuni ilikuwa tayari mdomoni, na rula mkononi. Perizat, aliyekuwa kwenye kona, akakohoa kidogo.

"Mwalimu Aizirek hakuwa anatuambia," akasema kwa upole. "Alikuwa anatuachia."

Lilimchoma palepale penye kidonda, mbele ya watoto ishirini na sita. Alisubiri moto ule upungue, na watoto wakasubiri naye bila kujua wanasubiri nini. Kisha akaweka rula chini.

"Alikuwa anafanyaje?" akauliza. "Nionyeshe."

Perizat akaja mezani na ameta ndogo. Burulkan alisogea akampisha. Mvulana alipima mkondo kabla ya balbu ya kwanza, akapima katikati ya balbu mbili, akapima baada ya ya pili. Mara zote tatu sindano ilisimama palepale. Akarudia, akidhani amekosea. Wenzake wakaanza kusogea karibu, mmoja akapanda juu ya kiti.

"Haipungui," mvulana akasema, kama aliyedhulumiwa. "Sasa kinacholiwa ni nini?"

Burulkan alijua. Akawatuma kabatini walete voltimeta, wapime wenyewe.